Shajara ya mradi: kutengeneza vipimo vya damu vya homoni za thairoidi

Februari, juma la kwanza

Mradi umeanza rasmi, na kikao cha kwanza kimefikia uamuzi utakaoongoza kazi yote inayofuata: tutatengeneza vipimo vitatu kwa mfuatano, TSH ikitangulia, T4 (thairoksini) jumla ikifuata, na T4 huru, yaani ile isiyoshikwa na protini za damu, ikiwa ya mwisho. Baadhi ya wenzetu walitaka tuanze na T4, kwa hoja kwamba ndiyo homoni ambayo tezi ya thairoidi huitoa kwa wingi, na anayetaka kuijua hali ya tezi hana budi kupima kile inachokitoa. Hoja hiyo ina mvuto, lakini haikushinda. TSH hutolewa na tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ili kuihimiza thairoidi ifanye kazi, na mabadiliko yake ni makubwa kupita yale ya T4 yenyewe. T4 huru ya mtu ikishuka hadi nusu ya kiwango alichokizoea, TSH yake inaweza kupanda hata mara 100. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kuwa na T4 iliyo ndani ya mipaka ya kawaida, ilhali pituitari yake imekwisha kutambua kwamba homoni haitoshi, na kipimo cha TSH kikaonyesha upungufu huo mapema.

Hata hivyo TSH haijitoshelezi. Ikiwa pituitari yenyewe ndiyo inayougua, TSH inaweza kusomeka kama ya mtu mzima wa afya huku thairoidi imelala. Aliyeanza kutumia dawa au kubadilishiwa dozi naye husubiri takriban wiki 6 kabla ya TSH yake kutulia, kwa kuwa nusu-uhai wa T4 katika damu, yaani muda wa kupungua hadi nusu yake, ni kama siku 7. Ndiyo maana T4 huru imebaki katika mpango, ingawa sote tunajua kwamba ndiyo itakayotutoa jasho. T3, homoni nyingine ya thairoidi, tumeiweka kando kwa sasa. Ina faida kubwa pale tezi inapofanya kazi kupita kiasi, lakini katika upungufu hubaki kawaida hadi ugonjwa umekomaa, hivyo haina haraka kama hizo nyingine.

Februari, juma la tatu

Kazi ya juma hili ilikuwa kuchagua kingamwili za TSH. Kipimo kitakuwa cha mtindo wa sandwichi: kingamwili ya kwanza imegandishwa chini ya kisima cha sahani, inaikamata TSH iliyomo katika seramu (majimaji ya damu yanayobaki baada ya damu kuganda), kisha kingamwili ya pili, iliyofungiwa kimeng'enya cha peroksidesi, inaishika TSH hiyohiyo upande mwingine. Rangi inayotokea baadaye huongezeka kadiri TSH inavyoongezeka.

Ugumu umo katika umbo la TSH. Ni protini ya minyororo miwili, alfa na beta, na mnyororo wa alfa ni uleule unaopatikana katika homoni za uzazi LH na FSH na katika hCG, homoni ya ujauzito. Beta pekee ndiyo inayoitofautisha TSH na jamaa zake. Katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito hCG inaweza kuvuka vizio vya kimataifa (IU) 100,000 kwa lita, kiasi ambacho kwa kila molekuli moja ya TSH huwa na makumi ya maelfu ya molekuli za hCG zinazofanana nayo nusu. Kingamwili mbili zinazoshika alfa zote mbili hazifai hata kujadiliwa. Swali letu lilikuwa iwapo inatosha moja tu kushika beta.

Tulizipima jozi zote tulizokuwa nazo kwa seramu isiyo na TSH iliyotiwa hCG nyingi. Jozi iliyotoa rangi kali zaidi kwa TSH, ambayo kila mmoja alikuwa ameipenda, ilitoa rangi hafifu ya njano hata pale ambapo hapakuwa na TSH kabisa. Wanaofanya kazi ya kliniki walisema kiasi hicho hakimdhuru mtu, na kwa mgonjwa wa kawaida ni kweli. Lakini TSH ya mjamzito hushuka kwa kawaida katika kipindi kilekile hCG inapopanda, na kipimo kinachoongeza kidogo pale pale TSH inapopungua kitaficha hali ambayo daktari anaitafuta. Jozi hiyo imeachwa. Tumechagua ile ambayo kingamwili inayogandishwa kisimani hushika beta, hata kama rangi yake ni pungufu.

Machi

Mwezi wa kazi za mikono, na hauna mengi ya kuandikwa isipokuwa mambo mawili.

La kwanza ni visima vya pembezoni. Sahani ya visima 96 iliyotolewa kwenye jokofu na kuingizwa moja kwa moja katika inkubeta ya nyuzi 37 haipati joto kwa usawa: safu za nje hupata joto kwanza, za katikati hufuata. Tulijaza sahani nzima kwa seramu moja, tukaongeza TMB, kitendanishi ambacho peroksidesi hukigeuza kuwa buluu, na kutazama. Rangi ya buluu ilianzia kwenye pembe nne, ikatambaa kando ya kingo, na katikati pakabaki pameng'aa kwa dakika kadhaa. Tulipoongeza asidi ya sulfuriki ili kusimamisha mwitiko, buluu ikageuka njano na tofauti ikaonekana kwa macho hata kabla ya kuisoma kwa nanomita 450. Tangu hapo sahani na vitendanishi vyote huachwa vifikie joto la chumba, sahani hufunikwa kwa karatasi ya gundi ili visikauke, na hazipandishwi moja juu ya nyingine ndani ya inkubeta. Tofauti ile imetoweka.

La pili ni kihifadhi. Vitendanishi vingi vya kingamwili huuzwa vikiwa na azidi ya sodiamu ili visiote bakteria, na azidi hiyo huizuia peroksidesi isifanye kazi. Kila chupa inayoingia sasa husomwa lebo yake na mtu wa mapokezi kabla ya kuwekwa kwenye rafu, na zenye azidi huwekwa kwenye rafu yake peke yake. Ni utaratibu wa kuchosha, lakini kipimo kinachotoa rangi hafifu bila sababu inayoonekana huchosha zaidi.

Aprili

Sasa tumefika mahali ambapo kipimo cha TSH hupata au hukosa thamani yake, nako ni kule chini kabisa. Kwa watu wazima wenye afya TSH huwa takriban 0.4 hadi 4.0 mIU kwa lita, na karibu kila kipimo kinaweza kutofautisha 4 na 40. Kutofautisha 0.3 na 0.01 ndiyo kazi. Wa kwanza anaweza kuwa mtu aliyelazwa kwa ugonjwa mwingine kabisa. Wa pili huenda thairoidi yake inamwaga homoni bila kizuizi. Vipimo vya kwanza vya TSH kwa kutumia kingamwili na iodini yenye mnururisho, vilivyotokea mwaka 1965, havikuweza kwenda chini ya 1 mIU kwa lita kwa uhakika. Madaktari wa wakati huo waliweza kutambua tezi iliyolegea kwa TSH iliyopanda, lakini tezi iliyozidisha kazi haikutofautishwa na iliyo salama. Kizazi cha pili kilishuka hadi karibu 0.1, na cha tatu hadi 0.01 au 0.02.

Katika timu yetu palitokea ubishi kuhusu maana ya kufika huko. Kikomo cha ugunduzi, kile kinachokokotolewa kwa kuchukua wastani wa visima vitupu na kuongeza mkengeuko sanifu mara 1.645, kisha kuongeza tena kiasi kama hicho kutoka kwenye sampuli ya chini, hutoa tarakimu ya kupendeza kwenye karatasi ya matangazo. Kinachomfaa daktari ni kitu kingine: kiwango cha chini kabisa ambacho kipimo kikirudiwa kwa majuma, kwa sahani tofauti, vitendanishi vya matoleo tofauti na mikono tofauti, mtawanyiko wake hauzidi asilimia 20. Mimi niko upande huo bila kusita. Sahani moja iliyofanywa na fundi mmoja asubuhi moja itaonyesha uzuri ambao hautaonekana tena.

Kwa rangi ya TMB tulishuka hadi eneo la kizazi cha pili tukakwama, kwa sababu tofauti ya rangi kati ya kisima kitupu na kisima chenye 0.02 ni ndogo kuliko mtetereko wa kifaa cha kusoma mwanga. Tumebadilisha kitendanishi cha mwisho na kutumia luminoli, ambayo peroksidesi huifanya itoe mwanga badala ya rangi. Kupima mwanga mdogo penye giza ni rahisi kuliko kupima upungufu mdogo wa mwanga penye mwangaza. Seramu mchanganyiko tuliyoiweka karibu na 0.02 imeanza kutoa majibu yanayorudiana, na tutaendelea kuirudia hadi mwisho wa Juni kabla ya kuandika tarakimu yoyote kwenye maelezo ya kipimo.

Ulinganishi wote unafungwa kwenye kiwango rejea cha Shirika la Afya Duniani chenye namba 81/565, ambacho kiasi chake kimeelezwa kwa vizio vya kimataifa. Tunakiyeyusha katika seramu iliyoondolewa TSH, si katika maji wala bafa tupu (kimiminika kinachodumisha pH), kwa kuwa TSH iliyo katika bafa haitendi kisimani kama TSH iliyo katika damu ya mtu.

Mei

T4 jumla imekwenda upesi. T4 ni molekuli ndogo, haina nafasi ya kushikwa na kingamwili mbili kwa pamoja, hivyo kipimo chake ni cha ushindani: T4 ya mgonjwa na T4 iliyofungiwa peroksidesi hugombea nafasi chache za kingamwili, na kadiri ya mgonjwa inavyokuwa nyingi ndivyo mwanga unavyopungua. Wazo hili lina umri. Mwanasayansi Roger Ekins alilitumia kupima thairoksini mwaka 1960, wakati uleule Rosalyn Yalow na Solomon Berson walipokuwa wakilitumia kwa insulini; yeye alitumia protini ya damu inayobeba T4 mahali pa kingamwili. Kabla yao maabara zilipima iodini iliyoshikamana na protini za damu, na mgonjwa aliyewahi kupewa dawa ya iodini kwa ajili ya picha za eksirei aliweza kutoa majibu ya ajabu kwa muda mrefu.

Sharti pekee ni kuiondoa T4 kwenye protini zinazoibeba kabla ya ushindani kuanza. Tunatumia kemikali iitwayo ANS, ambayo huchukua nafasi ya T4 kwenye protini hizo, kwa kiasi kilichochunguzwa ili isiisumbue kingamwili yetu. Majibu ya seramu za watu wenye afya yanaangukia kati ya nanomoli 60 na 150 kwa lita kama ilivyotarajiwa. Seramu za wajawazito zimepanda, nazo zilitarajiwa kupanda, kwa sababu estrojeni huongeza globulini inayobeba thairoksini, yaani TBG, na T4 jumla hupanda pamoja nayo ingawa mama hana ugonjwa wowote. Hapo ndipo T4 jumla inapofikia mwisho wa msaada wake.

Juni

Tumeanza T4 huru, na kwa mara ya kwanza tangu Februari tumetumia siku nyingi kwenye ubao kuliko kwenye meza ya maabara.

Kati ya kila molekuli 10,000 za T4 katika damu, ni 2 au 3 tu zinazoelea peke yake. Nyingine zote zimeshikwa na protini za damu: TBG, transthairetini na albumini. Zile chache ndizo zinazoingia kwenye seli na ndizo zinazohisiwa na pituitari. Tunatakiwa kupima takriban pikomoli 15 kwa lita mbele ya hazina ya nanomoli 100, na hazina hiyo haikufungwa kwa kufuli: mara tu unapochukua T4 huru, protini huachia nyingine kuziba pengo. Kingamwili ikiwekwa nyingi kisimani itavuta, protini zitaachia, itavuta tena, na mwishowe tutakuwa tumepima T4 jumla na kuiita huru. Kwa hiyo kingamwili lazima iwe kidogo kiasi cha kuchukua sehemu ndogo sana ya T4 yote iliyomo, huku ikibaki ya kutosha kutoa mwanga unaosomeka. Nafasi kati ya mipaka hiyo miwili ni finyu.

Kuna njia mbili mbele yetu. Katika ile ya hatua moja, seramu, kingamwili na T4 bandia iliyofungiwa peroksidesi huwekwa pamoja, kwa matumaini kwamba ile ya bandia haitashikwa na protini za mgonjwa. Ni ya haraka na inapendwa na wenye mashine kubwa. Lakini molekuli inayofanana na T4 kiasi cha kuidanganya kingamwili ina kila sababu ya kuishawishi na albumini pia, na vipimo vya awali vya aina hiyo vililaumiwa kwa jambo hilohilo. Wapo watu ambao albumini yao, kwa kurithi, hushika T4 kwa nguvu isiyo ya kawaida. Hao wanaweza kuandikiwa T4 huru ya juu na kuanzishiwa dawa wasizozihitaji.

Katika njia ya hatua mbili seramu huachwa na kingamwili peke yake, kisha kisima huoshwa na protini zote za mgonjwa huondoka, na hapo tu ndipo T4 yenye kimeng'enya huingizwa kujaza nafasi zilizobaki wazi. Vitu viwili vinavyoweza kugombana havikutani. Inachukua muda mrefu na inahitaji uoshaji wa makini. Tumeichagua hiyo.

Julai

Jaribio la kuchemsha bongo zaidi mwaka huu lilikuwa la kuongeza bafa. Ukichanganya seramu na bafa safi mara 10, T4 jumla hupungua mara 10, lakini T4 huru haitakiwi kupungua hivyo: protini huachia sehemu ndogo ya walichokishika na kiwango huru hubaki karibu palepale. Kipimo kinachodai kupima T4 huru na majibu yake yakashuka sambamba na maji yaliyoongezwa kimejifichua. Cha kwetu kilishikilia vizuri kwenye mara 2 na mara 4, kisha kikaanza kushuka kuliko nadharia inavyoruhusu. Tulipopunguza kingamwili kwenye kisima, mstari ulinyooka hadi mara 10. Mwanga umepungua pia, kwa hiyo muda wa hatua ya pili umeongezwa.

Joto limetusumbua kuliko lilivyotusumbua kwa TSH. Protini hushika T4 kwa nguvu zaidi kadiri joto linavyoshuka, hivyo seramu inayopimwa kwenye joto la chumba huonyesha T4 huru pungufu kuliko ile ya mwilini. Hatua ya kwanza lazima ifanyike kwa nyuzi 37 kamili, na sahani hukaa juu ya bamba la chuma lenye joto tangu seramu inapoingia.

Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, nayo imeingia kwenye orodha ya makatazo. Mgonjwa aliyechomwa heparini huwa na kimeng'enya kinachovunja mafuta katika damu yake, na kazi hiyo huendelea ndani ya chupa hata baada ya damu kutolewa. Asidi za mafuta zinazotokea huisukuma T4 kutoka kwenye protini, na T4 huru hupanda ndani ya chupa ilhali ndani ya mtu haikupanda. Fomu ya kupokelea sampuli sasa inauliza kuhusu heparini kwa swali la peke yake.

Agosti

Swali la biotini limejibiwa kwa kuliepuka. Vipimo vingi hutumia mshikamano wa biotini, ambayo ni vitamini, na protini iitwayo streptavidini kugandisha kingamwili, kwa sababu ni mshikamano wenye nguvu sana na unarahisisha utengenezaji. Mtu anahitaji mikrogramu 30 hivi za biotini kwa siku, ilhali vidonge vya nywele na kucha huwa na miligramu 5 au 10. Biotini hiyo ikijaa katika seramu hukalia streptavidini. Kipimo cha sandwichi husomeka chini, kipimo cha ushindani husomeka juu: TSH chini, T4 huru juu, picha kamili ya tezi iliyozidisha kazi kwa mtu asiye na ugonjwa. Mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili mwaka 2017. Sisi tunagandisha kingamwili moja kwa moja kwenye plastiki. Tunapoteza kiasi cha uthabiti kati ya toleo moja la sahani na jingine, na tunalipa gharama hiyo kwa kukagua kila toleo.

Septemba

Ulinganisho na vipimo vingine umekamilika kwa sehemu kubwa. Kwa T4 huru hatukutaka kulinganisha na mashine nyingine peke yake, kwa kuwa mashine mbili zinaweza kukubaliana katika kosa lilelile; sampuli kadhaa zilipelekwa kwenye maabara rejea inayofanya dayalisisi ya usawa, ambapo T4 huru hupita kwenye utando hadi kwenye bafa ya pH 7.4 kwa nyuzi 37, kisha ikapimwa kwa spektromita ya masi, mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake. Majibu yetu yanafuatana na ya dayalisisi kwa mpangilio mzuri, lakini yako chini kwa kiwango kinachofanana kutoka mwanzo hadi mwisho. Hilo ni suala la ulinganishi na linarekebishika. Kama yangekuwa yametawanyika ningekuwa na wasiwasi mkubwa zaidi.

Sampuli moja imechukua muda mwingi. TSH yake ilikuwa juu sana, T4 huru ya kawaida kabisa, na aliyetoa damu hana dalili yoyote. Tuliiongezea bafa mara 2, mara 4, mara 8, na TSH haikushuka kwa mstari. Tukaongeza seramu ya panya, ambayo hukalia kingamwili za mtu zinazoweza kuunganisha kingamwili zetu mbili bila TSH kuwapo, na majibu yakaanguka hadi ndani ya mipaka ya kawaida. Bafa ya kipimo sasa inabeba seramu ya panya kwa kudumu. Sampuli hiyohiyo imegawanywa kwenye vichupa vidogo na kugandishwa, ili kila toleo jipya la bafa lipimwe nayo.

Oktoba

Mipaka ya kawaida inaandaliwa. Tunahitaji watu wasiopungua 120 wenye afya kwa kila kundi, wasiotumia dawa za thairoidi na wasio na kingamwili dhidi ya peroksidesi ya thairoidi (kimeng'enya cha tezi yenyewe, si kile cha kipimo chetu), kwa kuwa watu wenye kingamwili hizo huisukuma mipaka ya juu ya TSH bila kuonekana wagonjwa. Damu inatolewa asubuhi, kati ya saa mbili na saa nne, kwa sababu TSH hupanda usiku na kushuka mchana, na mipaka iliyochanganya saa zote itakuwa pana kuliko inavyostahili. Wajawazito watakuwa na mipaka yao, iliyotenganishwa kwa miezi mitatu mitatu.

Uimara wa sahani kwenye jokofu unaendelea kufuatiliwa; hadi sasa zilizopakwa Machi bado zinasoma sawa na mpya kwa TSH, na zimepungua kidogo kwa T4 huru. Kingamwili za T3 zimefika, na kazi ya kwanza ni kuona zinaishika T4 kwa kiasi gani, kwa sababu T4 katika damu ni nyingi kuliko T3 kwa makumi ya mara na hata mshikamano mdogo utaharibu kila kitu. Jaribio hilo limepangwa kuanza mara inkubeta ya pili itakaporudi kutoka kwenye ukaguzi.